CD za Kufutika za Mama Mdogo

Wiki iliyopita nilikwenda Magomeni kumwona rafiki yangu aliyejifungua, na nyuma ya nyumba yao nikakuta jirani ametundika CD kwenye kamba, juu ya tuta lake la mchicha, ili kufukuza ndege. Zilikuwa kama kumi hivi, zinazunguka na kumeta. Nyingi zilikuwa zile za kawaida ambazo wewe na mimi tulizizoea, nyeupe za kung'aa, zinazotoa rangi zote ukizigeuza juani. Moja tu ilikuwa ya kijivu kizito, imefifia kama sufuria ya zamani. Nikasimama kuiangalia. Rafiki yangu akaniuliza kulikoni, nikamwambia ile moja ni ya kufutika. Akacheka, akasema ndege hawajui tofauti. Ni kweli hawajui. Mimi najua, kwa sababu likizo zangu za utotoni karibu zote nilizimaliza pembeni ya meza ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kufuta CD za aina ile.

Meza yenyewe ilikuwa Mchafukoge, mwendo wa dakika chache tu kabla hujaingia kwenye vurugu za Kariakoo, katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, uzi na vifungo. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindu aliyezaliwa ghorofa ya juu ya jengo lile lile, anayezungumza Kiswahili cha mjini kuliko baba yangu. Kila asubuhi alichoma udi mbele ya picha za miungu yake, halafu akafungua milango ya mbao mmoja baada ya mwingine, na harufu ya udi ikachanganyika na harufu ya majora mapya na ya mihogo inayokaangwa ng'ambo ya barabara. Kile chumba cha nyuma kilikuwa stoo yake. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, alikipanga mwaka ule alipopunguzwa kazini.

Nadhani unaikumbuka miaka ile. Soko lilikuwa limefunguliwa, kila wiki kinaingia kitu kipya mjini. Leo saa zinazoonyesha namba, kesho redio zenye milango miwili ya kanda, keshokutwa kompyuta zilizokwishatumika Ulaya zimepangwa barabarani kama matenga ya nyanya. Na huku vitu vinaingia, watu walikuwa wanatolewa maofisini. Mama mdogo alikuwa mpiga chapa wa serikali, mwenye vidole ambavyo mabosi walivigombania, akaambiwa asante kwa utumishi wako. Hakulia mbele yetu. Alichukua kiinua mgongo chake akanunua kompyuta moja, printa moja, na mashine ya kuchomea CD, wakati majirani wanamwambia anunue genge la mkaa kwa sababu mkaa hauharibiki.

Vijana wa mtaani waliokuwa na mashine kama yake walichoma nyimbo na filamu. Yeye alichapa barua, kadi za harusi na mitihani ya shule, na hakutaka nyimbo kwa sababu ya kelele. Kazi ya sauti ilimjia yenyewe. Mke wa mwenye duka alikuwa na mwana anayesoma India, akawa anamlilia kila siku, na siku moja mama mdogo akamkalisha mbele ya kipaza sauti, akamwambia aongee kama anavyoongea naye mezani. Wakaichoma kwenye CD, ikaenda kwa mtu aliyekuwa anasafiri. Baada ya mwezi na kitu ikarudi ile ile, safari hii ina sauti ya mwana. Yule mama alivaa vile visikilizio vikubwa vya masikioni, akafumba macho, na sisi sote tukajifanya tuna kazi za kufanya.

Habari ikasambaa, kama habari za mji huu zinavyosambaa. Ndani ya mwaka mmoja tukawa na wateja wa barua za sauti kutoka kila upande. Wenye waume Uarabuni, wenye watoto masomoni, na wengi zaidi watu wa kusini waliokuja Dar kutafuta maisha, ambao makwao barabara ilikuwa inakatika masika yote na simu ya mkononi haikamati hata ukipanda juu ya paa. Lakini misheni nyingi za huko zilikuwa zimeletewa kompyuta na wafadhili. Basi mtu anaongea Mchafukoge, CD inafungwa kwenye bahasha, anakabidhiwa utingo wa basi la kusini, na baada ya siku kadhaa ndugu yake anasikiliza kwenye ofisi ya hospitali au ya parokia, na jibu linarudi kwenye CD ile ile.

Hapo ndipo umaarufu wa mama mdogo ulipokuwa. CD ya kawaida ukishaichoma umeichoma, haikubali tena. Ya kufutika inakubali. Kila familia ilikuwa na yake moja, inakwenda na kurudi, inafutwa na kuandikwa upya. Mama mdogo hakuandika kitu juu yake. Aliweka kipande cha karatasi ndani ya kasha, ameandika kwa penseli jina la mwenyewe, na kila ikifutwa alichora mstari mmoja mdogo. Kasha lenye mistari mingi aliliangalia kwa heshima, kama askari anavyomwangalia mwenzake mwenye vyeo.

Kufuta kwenyewe kulikuwa na njia mbili, na ni lazima nikueleze kwa sababu kila kitu kilichotokea kilitoka hapo. Kompyuta ilikuuliza: unataka kufuta haraka, au kufuta kabisa? Kufuta haraka kulichukua kama dakika mbili. Lakini ilikuwa kama mtu aliyeng'oa kibao cha mlangoni akatangaza kwamba nyumba haipo. Maneno yalikuwa bado yamo, na fundi mwenye ujuzi angeweza kuyatoa. Kufuta kabisa kulichukua dakika ishirini na zaidi, mashine inanguruma polepole, inapita kila mahali, mpaka pabaki tupu. Vijana wote wa mtaani walifuta haraka. Mama mdogo hakuwahi hata siku moja. Mtu amemwambia mkewe maneno ya ndani, alisema, leo niyaache yamelala humo ayasikie fundi wa redio?

Na hakufuta bila mwenyewe kuwepo. Mteja aliulizwa, "Umesikiliza yote?" Akishajibu ndiyo, alipewa CD yake mkononi, akaiweka mwenyewe kwenye mashine, akasukuma mlango wake kwa kidole chake, ndipo mama mdogo akabonyeza. Hata wazee waliokuwa wanaogopa mashine aliwashika kiwiko, akawaongoza. Wengine waliona ni madoido. Mimi niliona ni ibada.

Zile dakika ishirini za kungoja ndizo nilizozipenda kuliko kitu chochote mjini. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kufuta vumbi CD kwa kipande cha khanga kuukuu, kutoka katikati kwenda nje na kamwe si kwa kuzungusha, na kukimbia kuleta chai. Chai ya tangawizi kwenye birika, kachori za moto zimefungwa kwenye gazeti, pilipili ya ukwaju pembeni. Wateja wamekaa kwenye benchi, mashine inanguruma, cherehani zinatatarika barazani, kengele ya hekalu inalia upande mmoja na adhana upande mwingine, na kila mtu anaomba kimoyomoyo umeme usikatike, maana ukikatika katikati ya kufuta, CD imekufa. Mama mdogo alikuwa na betri ya akiba iliyoweza kushikilia dakika kumi. Zilizobaki alimwachia Mungu.

Sheria ya mle ndani ilikuwa moja kwangu. "Hapa tunafuta, hatusikilizi." Mteja akivaa visikilizio, mama mdogo aligeuza kiti chake akaangalia ukutani. Alikuwa na uwezo wa kusikia kila barua ya mtaa mzima, na hakuisikia hata moja. Mimi nilikuwa darasa la sita, na masikio yangu yaliwasha.

Sasa nikuambie kuhusu fundi cherehani.

Alikaa barazani, mbele kabisa ya duka, kwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Mtu akinunua kitambaa ndani, anapimwa nje. Alikuwa mtu wa kusini, mrefu, mpole, mwenye utani wa chini chini. Nikimwamkia "Shikamoo fundi," anaitikia "Marahaba mwanangu, leo umefuta wangapi?" Alikuwa ameachia shule darasa la pili. Namba alizijua zote, za inchi na za yadi, lakini barua haikuwa na maana kwake, na hakutaka kusomewa na mtu. Kwa hiyo CD ya kufutika ilikuwa kama imetengenezwa kwa ajili yake. Ndugu aliyebaki naye duniani alikuwa dada yake mmoja, mkubwa wake, muuguzi wa hospitali ya misheni huko kwao. Kasha lao lilikuwa na mistari kumi na saba.

Barua za dada mtu zilikuwa ndefu, za fundi zilikuwa fupi. Ilijulikana pia kwamba dada anagomba. Fundi mwenyewe alitutania, akivua visikilizio anasema, "Leo nimechapwa kweli kweli." Sababu ilikuwa moja, hajaenda nyumbani miaka minne.

Ile Desemba jibu la dada lilifika na utingo, pamoja na kifuko cha korosho. Ulikuwa wakati mbaya kwa fundi. Shule zinafunguliwa Januari, na mbele yake kulikuwa na mlima wa sare, kaptula za kaki na sketi za bluu, na akina mama wamesimama juu ya kichwa chake. Aliingia mchana, jasho linamtoka, mita bado inaning'inia shingoni. Mama mdogo alikuwa amepanda juu kuswali adhuhuri kwenye chumba alichopewa na mke wa mwenye duka. Niliiweka CD kwenye mashine, fundi akavaa visikilizio, na mimi nikageuka ukutani kama nilivyofundishwa.

Hazikupita dakika tano. Nikasikia anaguna. Nilipogeuka alikuwa amevivua na kuviweka mezani, uso umekunjamana.

"Yale yale," alisema. "Mama mdogo wako akishuka aniite, afute. Nikimaliza hizi sare nitamjibu."

Akatoka. Mashine ilikuwa bado inazunguka. Kutoka kwenye visikilizio ilitoka sauti ndogo ya mwanamke, nyembamba kama ya mdudu, inaendelea kuongea na mtu ambaye ameshaondoka.

Nilivivaa. Sina kisingizio, ndugu yangu. Nilivivaa nikasikiliza mpaka mwisho, dakika kumi na nne au kumi na tano, nikiangalia ngazi. Nilisikia jogoo akiwika huko mbali, nilisikia mlango ukifungwa, nilimsikia yule dada akikohoa na kuomba radhi kwa kukohoa. Na nilichokisikia kiliniganda kichwani. Mama mdogo aliposhuka, kanzu yake ya kuswalia bado mkononi, nilikuwa nimeshavirudisha mezani na nimeshika fagio.

Fundi akaitwa. Mama mdogo akamuuliza kama anavyowauliza wote, "Umesikiliza yote?"

"Nimesikia, dada."

"Nimeuliza umesikiliza yote?"

"Nimesikia. Tufute tu, wateja wananiwinda huko nje."

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Nilijua hajasikiliza hata nusu. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili tu, bado haijaisha. Lakini ningesema, mama mdogo angeuliza nimejuaje. Nikafagia pale pale nilipokwishafagia. Fundi akaichukua CD, akaiweka, akasukuma mlango kwa kidole chenye alama za sindano, na mama mdogo akabonyeza. Mashine ikaanza kunguruma. Zile dakika ishirini sikuzipenda.

Siku ya nne simu ya mezani ya dukani ililia, na mwenye duka akatoka nayo hadi waya ulipoishia, akimwita fundi kwa mkono. Dada yake alikuwa amefariki. Homa ya siku tatu tu, walisema, na yeye mwenyewe alikuwa muuguzi. Fundi aliziacha sare kwenye cherehani, sindano ikiwa katikati ya mshono, akaondoka na basi la alfajiri. Alikuta ameshazikwa.

Alirudi baada ya wiki mbili, amekonda. Hakwenda kwenye cherehani yake. Aliingia moja kwa moja chumba cha nyuma akatoa CD mfukoni, ndani ya kasha lake.

"Dada," alimwambia mama mdogo, "mimi nikichora kitambaa kwa chaki, nikakung'uta, chaki inatoka, lakini ukikiinua kwenye mwanga alama unaiona. Hii haina alama? Hata kidogo?"

Mama mdogo alivaa viatu, akafunga kompyuta, wakaenda wote wawili mpaka kwa fundi wa kompyuta aliyekuwa anasifika mtaa wa pili. Mimi niliwafuata nyuma. Yule kijana aliijaribu kwa muda mrefu, kisha akauliza ilifutwaje. Mama mdogo akamwambia kabisa. Akasema ingekuwa haraka, angeirudisha yote. Mle ndani, alisema, hamna kitu.

Tukarudi katikati ya mikokoteni na wauza mitumba. Tulipofika, mama mdogo alibaki amesimama. "Kosa ni langu, fundi. Ningefuta kama wenzangu wanavyofuta, leo ungemsikia."

"Hapana. Niliiweka kwa mkono wangu. Uliniuliza mara mbili." Akalirudisha kasha mfukoni. "Sikusikiliza, dada. Nilidhani ananigombeza."

Watu wazima wawili walikuwa wanagombea kosa ambalo lilikuwa langu. Nikashika fagio tena.

Ningeweza kunyamaza mpaka leo. Mtoto akishanyamaza siku ya kwanza, ya pili inakuwa rahisi zaidi, na hakuna aliyenishuku. Kilichonishinda kilikuja kesho yake. Alikuja mama mmoja muuza vitumbua na CD yake ya mumewe, akaiweka kwenye mashine, na kompyuta ikauliza swali lake la siku zote, haraka au kabisa. Mama mdogo hakubonyeza. Kidole kilikaa hewani. Nilimwona mwanamke ambaye hakuwahi kusita mbele ya kitu chochote, si siku aliyotolewa ofisini, si siku majirani walipomcheka, anasita mbele ya kazi yake mwenyewe. Kisha kidole kikaanza kusogea upande wa haraka.

"Mama mdogo, mimi niliisikiliza," nikasema.

Aligeuka. Yule mama wa vitumbua naye akageuka.

"Barua ya fundi. Alivyotoka niliisikiliza yote. Ulipomuuliza nilijua hajamaliza, nikanyamaza."

Hakunipiga. Mama yangu angenipiga, na ningeshukuru. Aliniangalia tu, kwa muda ambao niliuona mrefu kuliko kufuta CD. Halafu akabonyeza kabisa, akamwambia mteja angoje chai inakuja, akatoka barazani kumwita fundi.

Fundi hakuamini. Nani angeamini? Alichuchumaa mbele yangu, macho yake sawa na yangu, akauliza, "Nilipotoka alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anasema umshonee gauni. Akataja vipimo."

"Vipi?"

Nikavitaja. Mimi nilikuwa mtoto wa kukariri, nilikuwa nashika jedwali zima kwa kulisikia mara moja. Mabega kumi na tano, kifua thelathini na nane, urefu arobaini na sita. "Kiuno thelathini. Akasema usifuate cha zamani, kimepungua inchi mbili."

Fundi aliweka mkono mdomoni. Kile cha zamani alikuwa nacho kichwani, thelathini na mbili, na hakuna mtu mwingine Dar es Salaam nzima aliyekijua. Akakaa chini kabisa, juu ya sakafu niliyoifagia.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipomfahamu mama mdogo. Alingoja mama wa vitumbua amalize na aondoke. Akatoa CD mpya ndani ya nailoni yake. Haikuwa ya kijivu, ilikuwa ya kawaida, ile isiyofutika. Akakisogeza kipaza sauti mbele yangu, akakishusha kwa kimo changu, akanionyesha pa kubonyeza kuanza, pa kubonyeza kumaliza, na namna ya kuichoma, mambo ambayo kwa miaka miwili alikuwa ameninyima. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Utasema kila neno ulilolisikia, kama lilivyosemwa. Usiongeze lako, usipunguze. Ukifika pa kukohoa, sema hapa alikohoa. Ukimaliza kuichoma, futa sauti iliyobaki kwenye kompyuta. Kabisa."

Nikadhani atakaa. Akachukua mtandio wake, akatoka, akavuta mlango. Nikamsikia akimwambia mwenye duka naye asogee nje kidogo, na yule mzee, aliyekuwa na wateja watatu, akasogea.

Nikasema yote. Fundi alikaa sakafuni, mgongo ukutani, na mimi nikaongea kwenye kipaza sauti kwa sauti yangu ya kitoto, nikitumia maneno ya mwanamke mzima. Unataka kujua yalikuwa nini. Nitakuambia kitu kimoja tu, kwamba hakuwa anagomba. Dakika tano za mwanzo ndizo zilizokuwa za kugomba. Zilizobaki alikuwa anamwomba mdogo wake radhi, kwa jambo la zamani ambalo wote wawili walilijua na hakuna aliyewahi kulitamka. Fundi alilia mpaka nikatamani kuacha, lakini nilikuwa nimeambiwa nisipunguze.

Nilipofungua mlango mama mdogo alikuwa kwenye ukingo wa baraza, juani, mgongo wake umetuelekea, masikio ameyafunika kwa mtandio. Mwenye duka amesimama pembeni yake na wale wateja watatu, wote wanaangalia barabarani kana kwamba kuna maandamano yanapita. Fundi akamwendea mama mdogo, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akaenda kukaa kwenye cherehani yake, na jioni ile akina mama waliokuwa wakingoja wakapata zile sketi za bluu.

Mimi niliondolewa kwenye meza. Kuanzia siku ile sikuruhusiwa kuingia chumba cha nyuma kukiwa na mteja, mpaka likizo ile iishe na nyingine ije iishe. Nilifagia baraza. Sikulalamika, na nakuambia kweli, sikuwahi kumpenda kama nilivyompenda mwaka ule aliponifungia mlango. Alirudia kufuta kabisa, kila CD, kila siku, umeme upo au unasuasua, huku vijana wa jirani wakimaliza wateja kumi wakati yeye anamaliza watatu. Kitu pekee alichobadilisha ni swali. Hakuuliza tena kama umesikiliza yote. Alikwambia, "Niambie mwisho alisemaje kwaheri." Kama huijui kwaheri, alikurudishia visikilizio.

Leo jengo lile halipo. Pamepandishwa ghorofa tisa za vioo, chini wanauza makava ya simu, na vijana wa pale hawajui kwamba udi uliwahi kuchomwa mahali wanapokaa. Mwenye duka na mkewe walihamia kwa mwana wao. Fundi alirudi kusini, safari hii kwa kukaa. Barua za sauti zipo tele, kuliko wakati wowote, kila mtu anatuma akiwa njiani, anasikiliza kwa spika mbele za watu, na hakuna kinachofutwa. Siku hizi sauti za marehemu wetu tunazo kwenye simu, na ni neema, sisemi vinginevyo. Lakini simjui mtu anayegeuza kiti akaangalia ukutani mwenzake anaposikiliza. Watu wa aina ile ndio ninaowakosa, kuliko hata sauti ya ile mashine.

Mama mdogo yupo, macho yamepungua, ulimi haujapungua. Mwezi uliopita nilikuwa namkatia mchicha jikoni kwake, tukiongea habari za Mchafukoge, nikaona miaka imepita ya kutosha. Nikamwambia fundi hayupo huku, dada yake alishafariki, na mimi ile barua ninaikumbuka bado neno kwa neno. Nikamuuliza kama hakuwahi kutamani kujua ilisema nini barua iliyokaribia kumwachisha kufuta kabisa.

Aliendelea kuchambua mchele. Akatoa chuya, akatoa nyingine.

"Kwani ilikuwa yangu?" akaniuliza.